Wakuu, mbawakawa ndani ya kaharabu: nianze na msasa gani?

Kokoto: Wakuu, nina kaharabu ya sentimita 4, ndani kuna mbawakawa mtoboa mbao. Uso una ukungu, miguu haionekani. Msasa namba ngapi?

BiDarubini: Wa maji: 800, 1200, 2500, umalizie na unga wa seriamu oksaidi kwenye kitambaa laini. Usisugue pakavu, joto hupasua. Bakiza milimita moja juu ya mdudu. Kama shida ni kuona tu, dondoshea sharubati nzito ya sukari, funika kwa kioo chembamba. Ukungu utapotea, kisha unaosha.

Dumuzi: Kafia kazini, na kiinua mgongo hakupata 😂

MzeeMsasa: Nani kakwambia ni kaharabu?

Kokoto: Inaelea kwenye maji ya chumvi.

MzeeMsasa: Hata sandarusi, utomvu mkavu ambao haujakomaa kuwa kaharabu, huelea. Tone la asetoni pembeni, sekunde 30, uguse: ikinata, ni sandarusi.

Kokoto: Nilishajaribu. Ilinata, ila kidogo sana. Labda jasho la vidole.

MzeeMsasa: Jasho halinati hivyo. Na huo ukungu ulianza lini?

Kokoto: Baada ya kuifuta kwa spiriti. Lakini muuzaji alisema ni ya Myanmar, miaka milioni 99, na hela nimeshalipa.

Msemakweli: Machimbo ya Kachin, huko huko Myanmar, yamezungukwa na vita, na bado mnanunua bila kuuliza.

BiDarubini: Spiriti hulainisha sandarusi, ndiyo maana. Sandarusi ya Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki hutoka kwenye miti ya Hymenaea, na imejaa Platypodinae, kundi la mbawakawa watoboa mbao: mwili kama mcheduara, kipingili cha kwanza cha wayo kirefu mno. Hutoboa mti, utomvu unawazika humo humo.

Kokoto: Sawa, lakini mafuta yameshapata moto. Nikiichemsha polepole ukungu si utaisha? Wadudu wote saba wako katikati.

Dumuzi: Saba? Asubuhi alikuwa mmoja. Wamezaliana humo?

Chungu: Hii chai. Picha hakuna.

Kokoto: Nilimtaja aliye mzima tu!

MzeeMsasa: Chai au si chai, zima jiko. Kaharabu hulainika kwenye nyuzi 150 na kitu, sandarusi hutangulia: itapinda na wadudu wake. Iache gizani wiki kadhaa, spiriti itoke, ndipo ushike msasa.

Kokoto: Nimezima.

Chungu: Picha?