Nisaidieni kufupisha wasifu wa marehemu baba, nimepewa dakika tano tu

Mtoto wa Fundi
Wanajamvi, salaam. Tumefiwa na baba, tunazika Jumamosi kijijini kwetu, kandokando ya mto Kilombero, nje kidogo ya Ifakara. Ndugu wamenikabidhi mimi wasifu wa marehemu. Parokia wametupa dakika tano, mimi nimejaza kurasa nne na machozi yananizuia kukata. Naweka mambo makuu hapa, mniambie kipi kitoke.

Alizaliwa 1952. Kuchonga mitumbwi alifundishwa na mjomba wake. Alifunga ndoa kanisani 1976, watoto saba, wajukuu wengi. 1989 hadi 1993 alikuwa Morogoro kwa mafunzo ya useremala. 1994 akawa katekista wa kigango chetu, Jimbo la Ifakara, mpaka macho yalipomshinda. Altare ya kigango ni mkono wake. Mabenchi yote ni mkono wake. Kamati alizokaa nazo nimeziorodhesha. Mimi na wadogo zangu alitufundisha mwenyewe mafundisho ya komunyo ya kwanza, na hakutupendelea hata kidogo. Kaka yangu alimrudisha mwaka mzima kwa kutojua Kanuni ya Imani.

Kwa pori na maji alikuwa haambiwi. Masika mbuga ikishajaa, Jumapili baada ya ibada alitupakia mtumbwini, yeye kasimama nyuma na pondo, anatupeleka kuwaona sheshe, wale swala wa mbugani, wamesimama majini hadi magotini. Alikuwa anatuambia tushushe sauti, hapa tumeingia kwa watu.

Nisaidieni. Kesho asubuhi mchapaji anaanza kazi.

Binti Mahenge
Pole sana kaka. Raha ya milele umpe ee Bwana. Hapo pa sheshe nimelia. Usipakate.

Kiti cha Mbele
Pole mkuu. Ushauri wangu: msimpe MC kipaza sauti. Msiba wa baba mkwe wangu MC alikula dakika ishirini akiwatambulisha wajumbe wa kamati, wasifu ukasomwa jeneza likiwa limeshabebwa. Na kaburi jengeni mapema kwa zege, mambo ya kusubiri arobaini mvua inawakuta kifusi kimeshuka. Sisi tuliahidiana vigae, mpaka leo mchango wa vigae uko kwa shemeji.

Mama Wawili
Wasifu mrefu ni ugonjwa wa siku hizi. Zamani padre anasema jina, umri, kituo cha mwisho cha kazi, basi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, alishona sare za shule nzima, na siku ya kumzika halikutajwa hata shati moja. Mpaka leo hilo linaniuma. Kwa hiyo mimi nasema soma kurasa zote nne, waache wanune.

Nyundo Tatu
Pole kwa msiba. Mimi ni seremala na nimesoma ufundi Morogoro miaka hiyohiyo. Alikuwa chuo gani? Nauliza kwa sababu miaka minne ya useremala ni mingi, na mtu wa miaka 37 mwenye mke na watoto kuuacha mto akakae bweni, hilo sijawahi kuliona.

Mtoto wa Fundi
@Nyundo Tatu mkuu, jina la chuo silikumbuki, nilikuwa mdogo. Nilichouliza ni namna ya kufupisha.

Nyundo Tatu
Sawa. Lakini watakaokuwa msibani hawakuwa wadogo.

Binti Mahenge
Kaka, usimkasirikie. Sisi hapa hatukujui, ukinyamaza tutasahau keshokutwa. Wazee wa kijiji chenu watakuwa wamekaa hapo mbele wanakusikiliza. Ile miaka minne alikuwa wapi?

Mtoto wa Fundi
Haya. Alikuwa gerezani.

1989 Operesheni Uhai, ule msako wa majangili wa tembo, ilipofika kwetu, askari waliingia kwenye kibanda chake cha kazi wakakuta pembe mbili za tembo chini ya mtumbwi ambao haujakamilika. Nilikuwa darasa la pili. Nilisimama mlangoni nikamwona anafunga shoka na tezo kwenye gunia, anampa mama, ndipo akanyoosha mikono.

Useremala kweli alijifunzia huko. Gerezani kulikuwa na karakana, akatoka anajua randa, patasi na kuunga ubao kwa ulimi, kazi ambayo mchonga mtumbwi haihitaji. Kwa hiyo nilichoandika si uongo. Mafunzo yalikuwepo, na yalikuwa Morogoro. Mama hataki jambo hili litajwe, wajukuu hawalijui, na nakala nimeshazilipia. Sioni kwa nini siku ya mwisho mtu asomewe kosa alilokwisha kulitumikia.

Mlinzi wa Selous
Pole kwa msiba, ila tusilainishe. Pori la akiba la Selous miaka ya 1970 lilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya laki moja. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama elfu thelathini. Hao wote waliuawa na watu waliokuwa na wake, watoto na kanisa la kwenda Jumapili. Mwaka huohuo dunia ndiyo ikakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe. Marehemu apumzike, lakini kumsifu kuwa alipenda wanyama mbele ya watu wanaojua, mimi nisingethubutu.

Kiti cha Mbele
Mkuu, wanakijiji walikuwa wanapata nini? Bei ya magunia mawili ya mpunga. Waliotajirika hawakufungwa hata siku moja. Mjomba wangu kule Liwale alilala ndani miezi minane kwa nyama ya nguruwe pori, na aliyemtuma akaja kugombea udiwani.

Mama Wawili
Usiseme. Marehemu hasemwi vibaya. Mama yako amekataa, na anayebaki na majirani ni yeye.

Msomi wa Kona
Jamani hii ni chai. Jimbo Katoliki la Ifakara limeundwa 2012. Kabla ya hapo eneo lote hilo lilikuwa Jimbo la Mahenge, tangu 1964. Huyu anasema baba yake katekista wa Jimbo la Ifakara 1994. Halafu daraja la Magufuli la mto Kilombero lipo pale tangu 2018, nani bado anachonga mitumbwi? Mtu kakaa Sinza, Dar, anatutungia hadithi ya mto, nanyi mnalia. Moderator, peleka uzi huu jukwaa la hadithi.

Kiti cha Mbele
Mwaka 1994 kweli ni Mahenge. Mleta mada njoo ujibu, kahawa yangu inapoa.

Mtoto wa Fundi
Nimeandika jina la jimbo tulilomo leo. Kigango ni kilekile, mwembe ni uleule. Nitaandika Mahenge, kisha Ifakara.

Daraja ni la magari. Mvuvi wa kambale na kitoga hatupi nyavu akiwa darajani, na mwenye shamba la mpunga mbugani, maji yakijaa, anafika kwake kwa mtumbwi. Kilichokwisha ni miti. Baba zamani alikata mvule mmoja, akauacha upumzike, akachimba ndani kwa shoka na kumalizia kwa tezo, akipita anaugonga kwa vifundo vya vidole ubavuni kusikia unene umebaki kiasi gani. Alikuwa hapimi kwa kitu kingine. Mtumbwi wa mwisho aliutengeneza wa mbao za kuunga, kwa ufundi aliotoka nao jela, kwa sababu gogo la kutosha halikupatikana. Kama natunga, basi nimetunga tangu darasa la pili.

Pondo la Mto
Mimi ni wa huko. Habari ya kugonga ubavu huwezi kuitunga Sinza. Mleta mada, sikutaji wala sitaji kijiji, lakini wale waliochukuliwa walikuwa wawili. Yule wa pili bado yupo hai.

Mtoto wa Fundi
Yupo. Ndiye aliyepangwa kutoa neno la marafiki, mara tu baada ya wasifu. Hiki ndicho kinachoninyima usingizi. Alipotoka hakurudi kanisani, baba alirudi. Lakini kila Krismasi baba alimpelekea samaki, na hawakuacha kutembeleana. Simjui atasema nini.

Nyundo Tatu
Basi hukuwa unatafuta namna ya kukata kurasa.

Mzee wa Kigango
Kijana, mimi nimekuwa katekista miaka mingi. Naomba nikuulize: baba yako kabla ya 1989 alikuwa na huduma gani kanisani?

Mtoto wa Fundi
Hakuwa nayo. Alikuwa muumini wa Pasaka na Krismasi. Padre aliyekuwa anaingia gerezani ndiye aliyempa Biblia. Aliisomea huko, kwa kuwa jioni hakuna kazi. Alivyotoka hakushika bunduki tena, na mtu akija kuagiza mtumbwi wa kuvushia nyama alimwambia mbao zimeisha.

Mzee wa Kigango
Sasa ukiweka "mafunzo ya useremala", watu watajiuliza ukatekista ulitoka wapi. Andika mstari mmoja: "1989 hadi 1993 alitumikia kifungo, huko alijifunza useremala na kuisoma Biblia." Bila pembe, bila askari. Umsomee mama kwanza, usimshtukize kanisani. Akikataa, toa mstari wote, miaka hiyo iache wazi, lakini Morogoro usiiandike. Na huyo mzee mwenzake mpigie leo umwambie utakachosoma.

Mama Wawili
Mimi bado nasema mama asisumbuliwe.

Mlinzi wa Selous
Mstari huo ukisomwa, na cha sheshe kisomeni. Nimesema.

Msomi wa Kona
Jina la jimbo rekebisha.

Mtoto wa Fundi
Nimempigia mchapaji, anasubiri mpaka saa nne asubuhi. Mama nimemsomea kwa simu. Alinyamaza, akauliza kama neno "kifungo" linaweza kuwa "gereza", kwa sababu kifungo watoto watadhani ni cha shati. Sijajua kama hiyo ni ndiyo. Mzee mwenzake hapokei simu, namtuma mdogo wangu kwa pikipiki.

Binti Mahenge
Hiyo ni ndiyo, kaka. Na zile dakika tano? Kata orodha ya mabenchi na zile kamati, utapata nafasi.

Mtoto wa Fundi
Kamati nakata. Mabenchi sikati, waombolezaji watakuwa wameyakalia.