Mbingu nyekundu juu ya Nyiragongo: ni alama mbaya ao ni mulima tu?

Mtoto wa Birere: Watu wa Goma tubishane kidogo. Kila mbingu ikikuwa nyekundu usiku upande wa Nyiragongo, ule mulima wetu wa volkano, mesaji zinaanza kuzunguka kwa WhatsApp, bundi amelia Majengo, mbwa wamelia usiku muzima, fungeni mizigo. Mie naona wenye kutuma vile wangelipishwa amende (faini). Ule wekundu ni mwanga wa ziwa ya lava yenye iko ndani ya kreta, unapiga kwa moshi na mawingu, tumekomaa nao. Na tarehe 22/5/2021 lava iliposhuka mpaka Buhene karibu na erport, ni bundi gani alilia? Niambieni.

Mama wa Katindo: We mutoto, na mashini za kupima volkano je, zilituonya? Matetemeko ya kutangulia yalianza chini ya saa moja mbele lava itoke, wasomi wenyewe njo walikuja kuandika vile kisha. Ile jumamosi magaribi watu walijionea moto kwa macho, tukabeba watoto tukatoka. Amri ya kuhama kartie kumi ilikuja tarehe 27, siku tano kisha! Unatuondolea bundi, mahali yake unatupatia nini?

Mzee wa Himbi: Musichanganye vitu. Mazuku, ile hewa ya kuua yenye kutoka kwa udongo, wazee waliijua mbele ya OVG, ofisi ya kuchunguza volkano hapa Goma, kuzaliwa. Unakuta asubui mbuzi amekufa kwa shimo, hana kidonda, na ndege wamelala pembeni yake, basi unakataza watoto kushuka mule. Ni gazi karboniki, nzito kuliko hewa, usiku inajaa mahali pa chini kama upepo hauko. Wasiantifiki wa Ulaya wanaandika mazuku vilevile. Ile ni alama yenye iko na sababu. Bundi analia juu ya panya zake.

Mtoto wa Birere: Njo vile nasema mzee, amende ni ya bundi, haiko ya mbuzi. OVG ndiyo ya kusikiliza.

Mama wa Katindo: OVG wanatuambia tuko kwa rangi ya manjano, ile ya kukaa macho, miaka yote manjano, mpaka hatuiangalie tena. Watuambie ikigeuka, tunakuwa na masaa ngapi, na tunakimbilia Sake ao Gisenyi ya Rwanda, na kama mupaka umefungwa tufanye nini. Hapo nitazima telefone bundi akilia.