Mlima upi nimpeleke mama mwenye goti bovu?

Binti_Kimara: Wakuu, habari zenu. Desemba nina likizo ya siku tano. Mama, miaka 68, anataka kuona milima "kabla sijafa", wimbo wake wa kila mwaka. Goti moja linamsumbua, kwa hiyo Kilimanjaro msinitajie. Tunatoka Dar kwa basi.

Mbeba_Kabichi: Lushoto, dada, kule milima ya Usambara, Tanga. Nimeshusha kabichi na viazi kutoka kule miaka tisa, hiyo barabara naijua hata usingizini (ingawa usilale). Mnaiacha barabara kuu pale Mombo, mnapanda kilomita 33 hivi, lami lakini kona tupu, jabali huku, korongo kule. Bimkubwa akae mbele, mpe tangawizi atafune. Soni maporomoko yapo kando ya barabara, hata kushuka si lazima.

Mkishafika, kodini gari hadi Irente, si mbali na mjini, na linafika karibu na ukingo wenyewe. Hapo mlima umekatika ghafla. Mashamba ya mkonge ya Mazinde yako chini kama mistari ya daftari, halafu nyika mpaka macho yachoke. Ukungu ukitanda msikimbilie kuondoka, kaeni mnywe chai, huwa unafunguka. Sweta msisahau. Na Desemba ndiyo plamsi zinauzwa njiani.

Kijiji cha Mtae, mbele zaidi ya Lushoto, watu watakusifia, na kweli pazuri kuliko Irente, ila vuli ikinyesha barabara ya kule ni utelezi. Niliwahi kulala na lori zima la kabichi, nikizisikiliza zinavyooza. Usimpeleke.

Msafwa_Uyole: Hifadhi ya Kitulo je, huku kusini karibu na Mbeya? Zaidi ya mita 2,600 juu lakini uwanda wenyewe ni majani na maua, goti halina kazi. Desemba maua yameanza. Sisi tunaita Bustani ya Mungu. Mnapandia Chimala, barabara ya Hamsini na Saba, yaani kona 57, kazihesabu mwenyewe.

Mbeba_Kabichi: Mkuu, Kitulo sina ubishi. Lakini katika siku tano, mbili zinaishia kwenye basi la Mbeya. Goti litafika limeganda.

Msafwa_Uyole: Hapo umenishika. Basi mwakani, mje na siku kumi.

Binti_Kimara: Nimemsomea mama yote. Kasema Lushoto, na anauliza ndoo ya plamsi shilingi ngapi. Milima hajaigusia tena.