Tunalipa pesa ya ulinzi, halafu gari linavunjwa ndani ya yadi!

Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina hasira na sitaificha.

Nina Hiace niliyoigeuza gari la kulala: kitanda, jiko la gesi, friji ndogo ya volti 12, betri za sola na inveta. Skuli zikifungwa ndiyo tunayokwenda nayo Matemwe na Makunduchi na watoto. Masika haya nilivuka kwenda Pemba kwa mama, gari nikaliweka yadi ya kulipia huku njia ya uwanja wa ndege. Risiti imeandikwa wazi: maegesho na ulinzi.

Nimerudi, kioo kidogo cha nyuma kimevunjwa, mlango wa pembeni uko wazi, ndani kumekombwa. Waya za betri zimekatwa, hata nati hawakuhangaika nazo. Godoro limelowa mpaka limeota ukungu. Yaani gari limekaa wazi siku zote hizo na hakuna hata mlinzi mmoja aliyepita kuangalia!

Linaloniuma khasa ni hili. Gari nililiegesha mwenyewe, mlango wa pembeni nikaubana na ukuta hata mkono haupiti, nyuma kukatazama taa ya kibanda cha mlinzi. Usukani nikaufunga chuma. Wao wakashikilia kuwa funguo zote zibaki ofisini, na wa hicho chuma pia, ati ukitokea moto. Moto haukutokea. Wamelitoa kupisha magari ya kukodisha wageni, wakalipeleka mwisho wa yadi, gizani, mlango ukielekea uchochoroni. Simu hawakunipigia. Kila nilichokifunga wamekifungua kwa mikono yao, na mvua ya masika ikipiga juu ya mabati nani atasikia kioo kikivunjika?

Meneja ananiambia, "Sheikh, geuza risiti usome nyuma." Nyuma, kwa maandishi madogo ya kutafutia miwani: mali zote ni kwa dhamana ya mwenyewe. Sasa hiyo pesa ya ulinzi wanalinda nini? Ukilihamisha gari la mtu bila ya idhini yake, dhamana umeibeba wewe. Nataka nilipwe, na nitafika mahakamani.

Msiniambie habari ya bima. Bima ndogo humlipa uliyemgonga, wizi haumo.

RB, yaani namba ya ripoti ya polisi, nimechukua na sheha wa mtaa nimemwarifu. Namba za inveta na betri nilizipiga picha siku niliyonunua, polisi wanazo. Ukiletewa inveta ya bei ya kutupa pale Darajani au Mwanakwerekwe, ina vipande vya waya uliokatwa, tafadhali nitumie ujumbe kabla hujatoa pesa.

Na nyinyi mliolaza magari katika yadi kama hizi, msingoje mvua zikatike. Nendeni kesho mkaangalie kama liko palepale mlipoliacha, na ufunguo wa chuma cha usukani ondokeni nao.