Ndege wanaogonga madirisha, na kioo kilichopasuka: nani alipe?

Mpangaji wa Golf, Jumapili usiku

Ndugu zangu wa Lubumbashi,

Natumaini mvua hizi za mwanzo wa Novemba zimewakuta salama. Ninaandika kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo, ila kwangu limekwisha kuingia katika hesabu ya fedha. Nyumba tuliyopanga hapa mtaa wa Golf ina sebule yenye madirisha mawili makubwa yanayotazama bustani, na mwenye nyumba alipoikarabati aliweka vile vioo vya buluu vinavyoakisi, ambavyo mtu aliye nje mchana haoni ndani bali huona mjakaranda na mawingu. Ndege nao huona hivyo hivyo. Tangu Septemba nimehesabu 11 waliogonga, na wanne kati yao walifia pale pale kibarazani. Mmoja alikuwa mdiria mdogo kabisa, mwenye mdomo mwekundu na mgongo wa buluu, niliyemwokota alfajiri chini ya taa ya ulinzi akiwa mwepesi kama ganda la karanga.

Jumanne iliyopita akaja njiwa. Tulikuwa mezani tukasikia kishindo kama cha mtu aliyetupa embe bichi ukutani. Nilipotoka nilikuta katikati ya kioo picha yake nzima ya vumbi jeupe: mabawa yaliyotandazwa hadi ncha za manyoya, kichwa kimegeukia upande, hata mviringo wa jicho unaonekana. Njiwa mwenyewe alikuwa chini, amekufa, na sentineli (mlinzi) wetu aliniuliza kwa adabu nyingi kama tunamhitaji. Ila kioo kilikuwa na ufa uliotoka pembe ya chini ya kushoto ukapanda hadi karibu na katikati. Jirani alisema hiyo ni ndege mbaya, nami nikamjibu kwamba ni kweli kwa maana zote mbili.

Mwenye nyumba alikuja, akatazama akiwa amesimama mlangoni, akasema tuliikuta nyumba ikiwa na vioo vizima na kwa hiyo gharama itatoka katika garanti yetu, yaani fedha ya dhamana tuliyomwekea. Anataka kioo kile kile cha buluu. Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie: je, ni haki nilipe? Na nikilipa, nitazuiaje kulipa tena mwezi ujao? Nilipokwenda Dar nilinunua picha ya kubandika ya mwewe, nikaiweka katikati ya dirisha. Siku ya pili tetere aligonga kioo kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye bawa la mwewe huyo.


Mzee wa ujenzi, Bel-Air, Jumatatu

Binti yangu,

Kabla ya jambo lolote, usiruhusu mtu aondoe kioo hicho. Piga picha ya pembe ile ya chini kwa karibu sana, kisha piga nyingine inayoonyesha alama ya njiwa na ufa kwa pamoja. Umeandika mwenyewe jambo la maana bila kulitambua: ndege aligonga katikati, lakini ufa umeanzia pembeni. Kioo kilichokaa vizuri kikigongwa na njiwa, kwa kawaida ni njiwa anayeumia. Kikipasuka kwa pigo peke yake, nyufa hutawanyika kutoka pale palipopigwa, kama utando wa buibui. Ufa unaotoka ukingoni huwa na habari nyingine.

Nimefanya kazi ya madirisha ya chuma mjini humu kwa miaka mingi, na habari yenyewe mara nyingi ni hii. Fundi hukata kioo kikalingana kabisa na fremu, bila nafasi, akakisukuma hadi kikaingia. Mastiki, ile gundi ya kushikiza kioo kwenye fremu, ikikauka inakuwa ngumu kama saruji. Kioo cha rangi hunyonya joto la jua kuliko kile cheupe, kwa hiyo katikati hutanuka, huku ukingo uliofichwa ndani ya fremu ukibaki na ubaridi wake. Na pale pembeni pakiwa na kimeguko kidogo kilichoachwa na kisu cha kukatia, au kutu iliyovimba, kioo huishi katika mkazo mwaka mzima kikisubiri sababu. Mlango ukibamizwa kwa nguvu ungeweza kufanya kazi ile ile aliyoifanya njiwa wako. Mwite fundi aondoe mastiki ya pembe ile mbele ya mwenye nyumba, muangalie pamoja.

Kuhusu garanti, sheria ya nchi hii ya Kongo, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji usio wa biashara, inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Fedha hiyo inarudi kwako mwishoni baada ya kuondoa uharibifu ulio wako, kwa hiyo kila kitu kinategemea kama uharibifu huu ni wako. Usiende kwa kelele. Sisi wageni tukianza na barua ya wakili tunapoteza nyumba kabla ya kupata haki. Nenda na picha, nenda na fundi, na ikiwezekana mpelekee mtu mzima wa mtaa anayemheshimu.

Kioo kipya kikiwekwa, simamia mambo haya mwenyewe. Fremu ikwanguliwe kutu kwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kipimo kichukuliwe juu, katikati na chini, kwa sababu fremu za zamani huwa zimepinda, kisha kioo kikatwe kwa kipimo kilicho kidogo zaidi, kikipunguzwa ili kila upande ubaki na nafasi ya milimita 3 hivi. Chini kikalie vipande viwili vya raba, kisiguse chuma. Mastiki iachwe wiki mbili kabla ya kupakwa rangi. Fundi atakwambia hiyo ni kazi ya Wazungu. Mwongezee kidogo afanye.

Kwa sasa bandika selotepu pana juu ya ufa, ndani na nje, na watoto wasicheze karibu. Siku ya kukitoa, mvae glavu ngumu na viatu vilivyofunika vidole, na vipande vifungwe katika magazeti ndani ya boksi, maana wapo watu wanaopekua takataka kwa mikono mitupu.


Mkenya wa Kampemba, Jumatatu usiku

Dada, pole sana. (Kwa wageni humu: ninaishi Kampemba, siishi katika komini (wilaya ya mji) ya Kenya, ingawa kila ninapojitambulisha watu hudhani hivyo.)

Mzee amemaliza habari ya kioo, nami niongeze ya ndege, kwa kuwa ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Kwanza tutofautishe mambo mawili. Kuna ndege anayerudi dirisha lile lile kila asubuhi akidonoa na kurukaruka. Huyo, mara nyingi chozi dume, anapigana na kivuli chake akidhani ni mpinzani aliyeingia katika eneo lake. Atachafua kioo na atakuchosha, lakini ni nadra afe. Wako ni wa aina ya pili: wanaruka kwa kasi kamili kuelekea mti ambao haupo. Ndege hajifunzi kuogopa kioo kwa kuwa yule wa kumfundisha mara nyingi haponi.

Mwewe wa kubandika hasaidii kwa sababu ndege hamwoni kama mwewe. Anaona kizuizi kimoja chenye nafasi kubwa pande zote, naye hupita kwenye nafasi kama anavyopita kati ya matawi. Kinachofanya kazi ni kuondoa nafasi hizo. Weka alama ndogo ndogo kwenye kioo kizima, zisiachane zaidi ya sentimeta 5 kwenda juu wala kwenda pembeni, na ziwe upande wa NJE. Ninasisitiza nje, kwa sababu kwenye kioo kinachoakisi alama ya ndani humezwa na taswira ya mti. Pazia nalo halisaidii kwa sababu hiyo hiyo.

Mdogo wangu anaishi Chicago. Huko, usiku mmoja wa Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 waliokuwa wakihama walikufa kwa kugonga jengo moja la mikutano lililo kando ya ziwa, linaloitwa McCormick Place. Mwaka uliofuata wenye jengo walibandika juu ya vioo vyao utando wenye nukta ndogo zenye nafasi hiyo hiyo ya sentimeta 5, na vifo vikashuka sana msimu huo. Hawakubadilisha kioo hata kimoja. Wewe huhitaji utando wa kutoka Marekani: chukua rangi nyeupe ya mafuta na vijiti vya pamba vya masikio.

Yule mdiria mdogo huhama usiku, na taa humvuta. Taa ya ulinzi inayomulika kioo usiku kucha igeuzwe itazame geti, au iwekewe kifaa cha kuwaka mtu anapopita.

Akigonga na kubaki hai akiwa amezubaa, mfunike kwa kitambaa chepesi, umweke ndani ya boksi la viatu lenye matundu, mahali penye giza na utulivu. Usimpe maji wala chakula, maana anaweza kupaliwa. Baada ya saa moja au mbili peleka boksi nje, lifungue, uondoke. Usimrushe hewani kama wafanyavyo watoto.


Mama wa Kamalondo, Jumanne

Niseme kwa ufupi, simu inaisha moto (chaji). Mimi nilikuwa na shida hiyo hiyo kwenye dirisha la jikoni nikapigilia wavu wa mbu kwa nje, kwenye kifremu cha mbao, ukiwa umevutwa vizuri na kuachana na kioo kiasi cha vidole vinne. Taswira inafifia, na ndege akija hudundishwa bila kuumia. Mbu nao wamepungua. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, huwa nachora mistari ya sabuni ya kipande kwenye madirisha mengine, nayo inakaa hadi mvua zinapoanza. Sasa hivi usijaribu, itaoshwa kesho.


Mpangaji wa Golf, Jumamosi, wiki ya tatu

Shikamoo Mzee, na wote mliojibu nawashukuru sana.

Fundi alikuja Alhamisi ile. Mwenye nyumba alisimama akiwa amekunja mikono huku mastiki ikibanduliwa, na chini yake ikaonekana skrubu ya antivole (vyuma vya dirishani vya kuzuia wezi) iliyopenya fremu, ncha yake imegusa kioo moja kwa moja. Ufa ulikuwa umeanzia hapo hasa, kama uliochorwa kwa rula. Fundi alimtazama mwenye nyumba, kisha akanigeukia mimi na kusema, “Mama, ndege haiko na kosa.” Hapakuwa na mabishano baada ya hapo, ingawa hapakuwa na msamaha pia. Tulikubaliana kwamba yeye analipa kioo na mimi ninalipa ufundi, na tukaandika hivyo kwenye karatasi yenye sahihi mbili. Najua baadhi yenu mtasema ningekataa hata hicho cha ufundi. Ninapanga kukaa hapa miaka miwili zaidi.

Alishikilia buluu yake, nami nikaomba ruhusa ya kuweka nukta, nikamwonyesha kwanza kwenye kipande cha kioo kilichovunjika ili asidhani ninaharibu nyumba. Kazi ilinichukua Jumamosi mbili pamoja na binti zangu. Rula yetu ilikuwa kiberiti: urefu wake ni karibu sentimeta 5, kwa hiyo unaweka nukta, unalaza kiberiti, unaweka nyingine, na kila nukta ina ukubwa wa punje ya dengu. Baada ya dirisha la kwanza mabega yanauma. Ukiwa ndani unaziona kwa siku mbili, halafu macho yanazoea. Dirisha la chumba cha kulala, ambalo ni dogo, nimeliwekea wavu kama alivyoelekeza Mama wa Kamalondo, na sentineli amegeuza taa ikamulika geti.

Tangu tumalize amegonga mmoja tu, tetere, naye aligonga ule ukanda wa juu kabisa ambao ngazi yetu haikuufikia. Alizubaa. Watoto walitaka kumlisha bukari (ugali), nikakataa, tukamweka katika boksi la viatu nyuma ya mlango wa stoo. Baada ya saa moja na nusu tulilifungua bustanini. Alikaa kidogo akipepesa macho, akaacha kinyesi chake ndani ya boksi, akaruka hadi kwenye ukuta wa jirani. Jumatatu ninaazima ngazi ndefu kwa Mzee, akiniruhusu, nimalizie ukanda ule.