Mwanza mnaiua Switch 2 kwa kuuza kitu msichokijua

Wakuu, heshima kwenu.

Huu uzi ni wa hasira na sitaupaka asali. Kuanzia Makoroboi mpaka Igoma, ukitaja Nintendo Switch 2 (mashine ya gemu ya kushika mkononi inayounganishwa pia na TV) unajibiwa kwa mkato: kishikwambi cha watoto, haisomi memori, haiwaki kwenye TV, gemu zake kadi tupu. Ukifuatilia lawama hizo moja moja unakuta chanzo ni mtu aliyeuza au kushika mashine asiyoijua. Mashine ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na ni nzuri kuliko inavyosemwa mjini hapa.

Naanza na kioo, maana hili linaniuma kuliko yote. Mteja anatoka dukani na mashine mpya, anapita kwa fundi wa protekta za simu. Fundi anaona ukingoni mwa kioo kuna utando mwembamba sana, anadhani ni nailoni ya kiwandani kama ile ya simu mpya. Anachomeka ukucha kwenye kona, utando unagoma, anaongeza wembe, unaanza kunyanyuka kwa shida, anavuta mpaka unatoka wote. HIYO SIYO NAILONI. Utando ule umebandikwa makusudi ili kioo kikivunjika vipande visitawanyike, na maelekezo ya Nintendo yanakataza kuubandua. Nailoni ya kufungashia haihitaji wembe. Kitu kikigoma hivyo, fundi alitakiwa asimame ajiulize. Protekta inawekwa JUU ya utando. Futa kwa kitambaa cha miwani, okota vumbi kwa selotepu, kisha laza protekta ya inchi 7.9 ukianzia upande mmoja. Za Switch ya kwanza (inchi 6.2) na ya OLED (inchi 7) hazienei, kwa hiyo wanaozikata kwa mkasi waache.

Memori. Switch 2 ina GB 256 za ndani, na ukitaka kuongeza inakubali microSD Express tu, mpaka TB 2. Kadi za kawaida za simu, hata iwe ghali vipi, hata imeandikwa "Extreme", hazihifadhi gemu. Ukichomeka kadi ya Switch ya zamani utaweza kuhamisha picha na video ulizorekodi, basi. Sababu ni mwendo: kadi za kawaida za UHS-I zinaishia MB 104 kwa sekunde, wakati Express inatumia njia ileile ya PCIe ya diski za kompyuta na inaweza kufika MB 985. Gemu za mashine hii zimetengenezwa zikitegemea mwendo huo. Kuijua ni rahisi: igeuze nyuma. Ya kawaida ina safu moja ya meno ya shaba, Express ina safu mbili, na mbele ina alama ya EX. Muuzaji akikataa kufungua pakiti ukaone meno, ondoka.

Sasa wale wanaoleta mashine za Kijapani. Japani kuna toleo lililotoka 2025 likiuzwa yeni 49,980 na lingine la lugha nyingi lililotoka kwa yeni 69,980. La bei nafuu ni la Kijapani tupu. Lugha haibadiliki, na akaunti inayokubalika ni ya Japani peke yake. Mbaya zaidi, tangu Machi 2025 duka la mtandaoni la Nintendo la Japani halipokei kadi za benki zilizotolewa nje ya nchi hiyo. Yaani mtu wa Nyegezi anauziwa mashine asiyoweza kuisoma wala kuinunulia gemu mtandaoni kwa kadi yake, halafu anaambiwa "utazoea". Kabla hujatoa hela, iwashe, ingia kwenye mipangilio ya mfumo, tafuta lugha. Usipoona Kiingereza, rudisha hapohapo. Kumuuzia mtu kitu hicho bila kumwambia ni wizi, na nalisema hivyo kwa herufi zote.

Na hao hao wanamuuzia pia transfoma ya kushusha umeme. Ya nini? Chaji ya Switch 2 inapokea volti 100 hadi 240. Kinachotakiwa ni kichwa cha kubadilisha plagi kuwa ya pini tatu. Basi.

Kuhusu TV: doki, kile kitako cha kuiunganisha mashine na TV, haitaki chaji ya simu. Soma maandishi madogo kwenye chaji, lazima uone 20V na 3A, yaani wati 60. Chaji nyingi za simu zinazosifiwa kwa kasi zinaishia volti 9 au 11. Zitajaza betri mashine ikiwa mkononi, lakini ukiweka kwenye doki TV inabaki nyeusi na fundi anasema "doki imekufa". Doki haijafa. Doki ya Switch ya zamani nayo haifanyi kazi hapa, msihangaike kuilazimisha. Waya wa HDMI tumia uliokuja kwenye boksi. Ukiweka ule wa king'amuzi ulioshinda kabatini miaka kumi, usije kulalamika kwamba huioni 4K.

Halafu hizi "kadi tupu". Kuna aina tatu na kila moja ina haki yake ya kuelezwa. Kuna kadi kamili, gemu yote imo ndani: Mario Kart World, Donkey Kong Bananza, hata Cyberpunk 2077 yote imekaa kwenye kadi ya GB 64. Kuna kadi ya ufunguo, mfano Street Fighter 6: ndani hakuna gemu, kuna ruhusa ya kuipakua. Utatumia intaneti mara ya kwanza, kisha kadi lazima ikae ndani kila unapocheza, ila unaweza kuiuza au kumwazima mwenzako. Na kuna boksi lenye namba ya siri tu, hiyo ukishaitumia imeisha. Kadi ya ufunguo ina mstari chini ya jalada wenye picha ya ufunguo. Muuzaji anauona. Kwa mtu anayenunua bando kwa siku, tofauti hii ni kubwa sana, na kunyamaza ni kumnyonya. Hapa Nintendo na kampuni za gemu nao nawalaumu: kuuza kadi isiyo na gemu kwa bei ya gemu kamili hakutetewi.

Wengine wanasema haisomi kadi za gemu za Switch ya zamani. Si kweli. Inacheza gemu nyingi sana za Switch ya kwanza, ila inadai sasisho la mfumo kwanza. Duka linaloonyesha mashine bila intaneti haliwezi kuthibitisha lolote. Pokémon Scarlet na Violet, zilizokuwa zinakwamakwama vibaya, zilipata sasisho la bure na sasa zinakwenda laini kabisa.

Kasoro zake nazijua. Betri ni mAh 5,220 na inakaa kati ya saa 2 na saa 6 na nusu. Ukipanda meli ya Nansio na gemu nzito, beba pawabenki ya PD (ya chaji ya kasi ya USB-C). Kioo ni LCD, na picha zinazokwenda kasi zinaacha kivuli. Vijiti vya pedi havitumii vihisi vya sumaku, kwa hiyo siku moja vinaweza kuanza kuteleza vyenyewe. Betri imegandishwa kwa gundi, fundi asiye na uzoefu asiiguse. Hayo semeni, ni haki. Lakini hakuna anayesema kwamba umeme ukikatika Buzuruga katikati ya mechi, mashine hii inaendelea na betri yake na gemu haipotei.

NYONGEZA, kwa maswali yaliyoingia:

Mkuu uliyeuliza kama inachipiwa, yaani kufunguliwa icheze gemu za kunakili: achana na hilo. Juni 2025 ileile walioweka kadi za MIG (zinazobeba gemu zilizonakiliwa) walifungiwa mashine zao mtandaoni, zinatoa kosa namba 2124-4508. Mashine iliyofungiwa haipakui kitu, kwa hiyo kadi za ufunguo kwake hazina kazi. Nyingine zinauzwa mkononi. Ukinunua mtumba, washa intaneti ya simu yako na ufungue eShop, duka la mtandaoni la Nintendo, mbele ya muuzaji. Isipofunguka, usitoe hata mia.

Dada wa Kirumba mwenye pedi za Switch ya zamani: zinaunganika bila waya, ila hazishiki ubavuni, kwa sababu mpya zinashikwa kwa sumaku.

Kaka wa sehemu ya gemu Mabatini: doki ina feni, na mashine ina matundu juu na nyuma. Usiiweke ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Wale vijidudu vya ziwani wakija usiku kufuata taa wanaingia humo humo. Funika ukifunga kazi, na piga brashi laini matundu kila wiki. Kwa kuwa itashinda kwenye doki, ingia kwenye mipangilio uwashe kile kipengele cha kuacha kuchaji ikikaribia asilimia 90.