Tupeane uzoefu: uliomba namna gani maumivu yalipokataa kuondoka?

Mama Neema, Mwanza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mume wangu husafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, na kila awamu huchukua kama saa 4. Hapo mwanzo nilimsomea zile aya za ushindi ambazo watu hututumia kwenye simu, mpaka siku moja, akiwa amejifunika khanga zangu mbili kwa sababu akiwa kwenye mashine husikia baridi sana, aliponiuliza kwa upole, “Mama Neema, humo ndani hakuna aliyechoka kama mimi?” Nikamfungulia Zaburi ya 13: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Akafumba macho, akawa anaitamka pamoja nami hiyo “hata lini”, ambayo imo mara 4 katika aya 2 za kwanza. Zaburi nzima ina aya 6 tu, nayo haisemi “Nami nimezitumainia fadhili zako” mpaka aya ya 5. Tangu hapo ndiyo sala yetu, na hatuirukii aya ya 5 kwa haraka. Ninyi mlishika andiko gani?

Mzee wa Mbeya

Amina, binti yangu. Sisi tulimzika kijana wetu wa pili, na msiba ulikuwa haujaanuliwa matanga walipokuja ndugu wa maombi kutueleza kwamba pengine kulikuwa na dhambi iliyofichwa nyumbani. Mke wangu hakuwajibu. Kwa miezi kadhaa hakuweza hata kusema “Baba yetu”, nami sikumlazimisha. Nilikuwa nikisali kwa sauti, naye akakaa kando yangu akichambua mchele. Nikakisoma upya kitabu cha Ayubu. Rafiki zake 3 waliketi naye chini siku 7 bila kusema neno, na kwa maoni yangu hilo ndilo jema pekee walilomtendea, kwa maana katika sura ya 42 Mungu anasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu Yeye, kama alivyonena Ayubu, huyo huyo aliyelalamika sura baada ya sura. Nilipomsomea mke wangu aya hiyo, aliweka ungo chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Jioni hiyo aliomba. Alimlaumu Mungu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akasema amina.

Mkulima, Kitui

Mvua zilikatika mahindi yakiwa magotini. Niliomba kwa Habakuki 3, pale anapohesabu kisichokuwapo: mtini, mizabibu, mzeituni, zizi lisilo na ng’ombe. Nami nilihesabu vyangu vivyo hivyo, kwa majina. Mvua haikuja msimu huo.

Dada wa Tanga

Naomba niongeze jambo linaloniuma. Mama yangu aliacha vidonge vya presha kwa sababu mhubiri mmoja alimwambia kwamba kuvimeza ni kumshuku Mungu, akapooza upande wa kushoto. Sikuacha kuomba, lakini niliona nina deni la kumtafutia andiko lenye uzito kuliko neno la yule mhubiri. Nilimsomea Isaya 38: mfalme Hezekia, akiwa mgonjwa wa kufa, alilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mama alinitaka niirudie aya ya 21, kisha akanyoosha mkono wa kulia, ule mzima, akaomba maji ya kumezea dawa.

Mama Neema, Mwanza

Mzee wangu, shikamoo, na pole sana kwa kijana wenu. Mume wangu amesikiliza habari zenu zote akiwa kitandani. Ameomba Jumatano tusome Zaburi ya 88, nami nilimtahadharisha kwamba ile inaishia gizani. Akasema anajua, na kwamba khanga nilete tatu.